Mwenye duka naye aijue faida yake

Mfanyabiashara wa Butembo atakutajia bila kusita gharama ya kontena kutoka Guangzhou hadi Mombasa, na kutoka Mombasa hadi Kasindi. Muulize mwaka jana alibaki na faida kiasi gani, atakohoa, atatazama simu, kisha atasema, "Tunamshukuru Mungu, tunaendelea." Huku kwetu Masereka, tunakolima viazi na kabichi kwenye baridi na kuwapelekea watu wa mjini kwa Fuso, jibu ni lilelile.

Nilifundisha uhasibu miaka mingi katika sehemu ya Commerciale et Gestion. Sasa nashika vitabu vya depo ya shemeji yangu, anayeuza mbegu na mbolea na kununua mazao ya wakulima ili kuyapeleka Butembo. Kwa hiyo nawajua wote wawili: mwanafunzi anayeandika jurnali safi kabisa kwa ajili ya Examen d'État, na mama wa duka ambaye hesabu yake moja imo kwenye kaye ya madeni yenye madoa ya mawese, na nyingine imo kichwani. Ajabu ni kwamba mara nyingi mwanafunzi huyo ni mtoto wa mama huyohuyo, na elimu yake haivuki kizingiti cha duka.

Sehemu ya lawama naitupa kwetu sisi walimu. Shule na vyuo vyenye bahati ya kuwa na kompyuta vinapenda kufundishia programu ya uhasibu ya kulipia, na nakala nilizoziona mimi nyingi ni za wizi, zimepita mkono hadi mkono kwenye flashi pamoja na virusi vyake. Kijana anahitimu akiwa fundi wa chombo ambacho duka la nyumbani kwao haliwezi kukinunua. Akikiweka hivyohivyo cha wizi, siku mashine ikifa anabaki na faili ambalo hana pa kulifungulia. Huko ndiko tunakoita kumwandaa kijana kwa maisha.

Kuna GnuCash. Ni programu huria ya uhasibu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1997, na toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 1998. Leseni yake, GPL, inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kumgawia jirani, na akiwa na ujuzi, kuifungua na kuibadilisha. Inakubali Windows, Mac na Linux, na ina Kifaransa, lugha tuliyofundishwa nayo uhasibu. Ikishaingia kwenye kompyuta haidai intaneti wala malipo ya kila mwezi. Kwa mtu wa Masereka, anayewasha mashine kwa sola na kupata mtandao kwa bahati, hayo mawili yanatosha kumaliza mabishano.

Jioni tulipoanza hatukuandika hata mauzo mamoja. Tulihesabu kwanza: mifuko ya mbolea, mbegu, faranga za kwenye sanduku, dola, salio la Airtel Money na la M-Pesa, tunaowadai, wanaotudai. Shemeji aliwataja wadeni wake kwa kichwa, mpaka na mume wa dada yake, na nikaona uso wake unabadilika kadiri orodha ilivyorefuka. Kisha tukaingia kwenye kanuni ambayo wafanyabiashara wa Venisi waliitumia kabla Luca Pacioli hajaichapisha kitabuni mwaka 1494: kila pesa ina ilikotoka na inakokwenda. Umechukua mbolea kwa mkopo? Stoo imeongezeka, na deni nalo limeongezeka. Ukiandika upande mmoja ukauacha mwingine, programu inakiweka kiasi hicho kwenye akaunti ya kutolingana, na kitakaa hapo kinakukodolea macho mpaka ukitolee maelezo.

"Mwalimu, mashine yako inaniuliza maswali kama polisi wa barabarani," shemeji alilalamika.

Nikamwambia polisi akimaliza kuuliza huondoka na kitu.

Orodha ya akaunti niliijaza mwenyewe kwa namba za OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara) zinazofundishwa darasani: 57 ya sanduku, 52 ya benki, 411 ya wateja, 401 ya wanaotuuzia, 60 ya manunuzi, 70 ya mauzo. Chini ya gharama za usafiri nikaongeza akaunti moja isiyo na adabu ya vitabuni, nikaiita Barabara. Humo tunaandika kila kizuizi tunacholipia, vijana wanaosukuma Fuso kwenye matope, chakula cha dereva aliyelala njiani, na kabichi zilizooza gari likisubiri. Zamani gharama hizo zililipwa kutoka mfukoni, zikasahauliwa kabla gari halijafika Butembo.

Kabichi zilikuwa fahari ya shemeji. Baada ya msimu mmoja wa mvua tulifungua ripoti ya mapato na matumizi, tukaona kwamba kabichi zile zilikuwa zinaitumikia barabara. Viazi, ambavyo hustahimili kulala njiani, ndivyo vilivyokuwa vinailisha depo. Yeye siku zote aliamini kinyume, kwa sababu kabichi huleta pesa taslimu haraka na pesa ya mkononi hupendeza. Safari iliyofuata alipakia viazi. Sasa fikiri wauzaji wote wa Masereka, Kyondo na Luotu wangekuwa na akaunti ya Barabara. Tungewaendea wakubwa wa jimbo, ambao tangu Goma iangukie mikononi mwa waasi Januari 2025 wanafanyia kazi Beni, tukiwa na jumla iliyoandikwa, wala si manung'uniko ya kila mwaka.

Kisha kuna suala la dola. Sisi tunanunua kwa mkulima kwa faranga, tunalipa mbolea kwa dola, na bidhaa nyingine zinavuka kutoka Uganda kwa shilingi zao. Katikati ya mwaka 2025 dola moja ilikuwa inapita faranga 2,800. Kabla mwaka haujaisha faranga ilikuwa imepanda thamani kwa kishindo. Tuseme mtu aliweka dola 1,000 akisubiri mavuno, dola ikiwa 2,800, akaja kuzibadilisha ikiwa 2,400: amepoteza faranga 400,000 bila kuuza kitu wala kuibiwa. Wengi walipigwa hivyo na wakasema biashara imelaaniwa. Katika GnuCash kila akaunti ina sarafu yake, na ukibadilisha pesa unaandika bei ya siku hiyo. Ukiwasha kipengele chake cha trading accounts, hasara ya kubadilisha inajionyesha peke yake, haijifichi ndani ya viazi.

Najua pingamizi kubwa: ukiandika, watu wa kodi watakukuta. Mimi nasema wanakukuta hata sasa, na kwa kuwa huna karatasi wanakukadiria wanavyotaka, nawe huna cha kubishia. Kongo iliingia OHADA Septemba 2012, na sheria ya uhasibu iliyorekebishwa inatumika tangu tarehe 1 Januari 2018. Imemwekea mfanyabiashara mdogo mfumo wake mwepesi, Système minimal de trésorerie, unaoegemea fedha zilizoingia na zilizotoka. Kwa biashara ya kununua na kuuza, mlango wake ni mauzo ya mwaka yasiyofika faranga za CFA milioni 60. Wengi wetu tumo humo. Sidai kwamba vitabu vitamzuia anayedai ushuru usio na risiti. Huyo hazuiwi na programu yoyote.

Kuhusu siri, vitabu vyako havikai kwa mtu mwingine. Faili liko kwenye kompyuta yako na nakala iko kwenye flashi. Ila jihadharini: GnuCash hailifungi faili kwa neno la siri, kwa hiyo flashi iwekwe panapofungwa kwa ufunguo. Na nakala hiyo si anasa. Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni 2024, watu walikimbia kuja huku kaskazini wakiwa na watoto na magodoro. Mwenye duka aliyeacha kaye nyuma aliziacha na pesa anazowadai watu. Flashi inaingia kwenye pindo la kitenge.

Haifai kwa kila mtu. Duka lenye wauzaji watatu wanaoandika kwa wakati mmoja litaizidi nguvu, maana faili moja hutumiwa na mtu mmoja kwa wakati. Wakubwa wa Butembo wenye maghala na faktura nyingi watazame Dolibarr, nayo huria, yenye orodha ya akaunti za SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa OHADA, tayari. Na anayeuza kwa beseni sokoni abaki na kaye yake, mradi aiandike kila jioni.

Wakuu wa shule zenye Commerciale et Gestion, kutoka Lubero hadi Beni, mwaka wa masomo ukianza Septemba futeni nakala za wizi, wekeni GnuCash, na zoezi la kwanza la mwanafunzi wa mwaka wa tano liwe duka la mama yake. Viongozi wa kopeki, vyama vyetu vya akiba na mikopo, na wa FEC, shirikisho la wafanyabiashara, msiniandalie semina ya hotelini yenye fulana na kofia. Nipeni chumba, kompyuta tatu na sola moja, wafanyabiashara waje na kaye zao. Na wewe unayesoma, ukipanda Masereka njoo na flashi tupu. Utaondoka na programu bure, na kwa leseni ile huo si wizi.