Kiingereza cha Sayansi si Orodha ya Majina

Kila mwaka husikika malalamiko yale yale kwamba wanafunzi wa sayansi hawajui Kiingereza. Wanaolalamika husahau kwamba mwanafunzi huyo alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na kemia zikimngoja kwa lugha ya kigeni. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike pia sekondari; pendekezo hilo halikutekelezwa. Kumwita kijana huyo mvivu baada ya hayo yote ni dhuluma.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978, kilikuwa kimeitambua shida. Kasoro imo katika namna Kiingereza cha sayansi kinavyofundishwa mahali pengi: mwalimu wa lugha, ambaye yeye mwenyewe aliiacha kemia kidato cha pili, huandika ubaoni majina marefu na maana zake, wanafunzi hunakili, kengele hulia.

Lakini majina hayo ndiyo wanayoyajua! Nani asiyelijua neno klorofili, ambalo hata kwa Kiswahili ni lilo hilo? Kinachowakwaza ni vineno vidogo vyenye maana ya ilhali, isipokuwa, endapo, kwa kadiri. Swali likiwataka walinganishe, wao huorodhesha. Likiwataka watoe sababu, hueleza umbo. Tena si alama tu zinazopotea. Anayezimua asidi kali ya salfuriki hutakiwa kumimina asidi ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi. Tofauti nzima imo katika mpango wa maneno, na atakayeusoma vibaya mchanganyiko utachemka na kumrukia usoni.

Basi mwalimu wa lugha aingie maabara, na somo lake litokane na daftari la majaribio. Wapo walimu wa sayansi wanaodai kwamba lugha si kazi yao. Je, kuandika taarifa ya jaribio si sayansi? Wala Kiswahili kisifukuzwe darasani kwa kisingizio cha kukuza Kiingereza: kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na mwanafunzi aliyekwisha kulielewa jambo kwa lugha yake hubakiwa na kazi moja tu, ya kulisema kwa lugha nyingine.