Mashine Isiyaone Matuta Yetu?

Imezuka tabia miongoni mwa vijana wetu ambayo walimu hawawezi tena kuifumbia macho. Kijana hupiga picha kwa simu, akaitia katika programu ya kompyuta, na punde si punde akapata mandhari iliyochorwa kwa mtindo wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani. Mwezi Machi 2025, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipotoa chombo chake kipya cha picha, dunia ilifurika taswira zilizoiga mtindo wa Studio Ghibli, nyumba ya filamu iliyoasisiwa mwaka 1985.

Nimeitazama picha moja ya aina hiyo, iliyotokana na mashamba ya Katelembo, hapa Machakos. Anga lilipendeza mno, na mawingu yalivimba kama pamba. Lakini matuta hayakuwapo! Mteremko mzima ulikuwa umegeuzwa uwanda wa majani mabichi usiojua jembe wala jasho. Anayeifahamu Ukambani ataelewa uzito wa jambo hilo. Mmomonyoko wa udongo wa hapa uliwatisha hata watawala wa kikoloni katika miaka ya 1930. Yale matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huyatengeneza kwa kuchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu, ni miongoni mwa mambo yaliyoiokoa ardhi hii. Kuyafuta ni kuifuta historia ya mama zetu waliochimba kwa vikundi vya mwethya.

Mashine yenyewe haina chuki nasi. Mwaka 2018 wataalamu wa China na Uingereza walieleza mfumo uitwao CartoonGAN, wenye pande mbili: upande mmoja huchora, wa pili hukagua kama mchoro wafanana na katuni halisi. Mkaguzi huyo alifunzwa kwa maelfu ya picha kutoka filamu za akina Makoto Shinkai na Hayao Miyazaki. Asichokiona humo atakijuaje?

Wako wanaotaka programu hizi zipigwe marufuku shuleni. Siafikiani nao. Shinkai na wachoraji wake hutumia picha za kamera za mitaa ya Tokyo kama msingi wa mandhari zao, na hakuna anayewaita wavivu. Tofauti ni kwamba mchoraji huamua mwenyewe kipi kibaki na kipi kiondoke. Isitoshe, Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humtambua aliyefanya matayarisho ya kazi iliyotolewa na kompyuta kuwa ndiye mtunzi wake. Basi mwanafunzi asije akaisingizia mashine. Kilichofutwa, amekifuta yeye.

Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wamekuwa wakisoma katika mikondo, ukiwamo wa sanaa. Ningependa mwalimu wa mkondo huo aidai picha asilia pamoja na ile ya mashine, kisha amtake mwanafunzi achore kwa mkono wake kila kilichopotea katikati ya hizo mbili, na alama nyingi zitolewe hapo. Kazi hiyo haihitaji kompyuta ya pili. Penseli na saa moja ya kutembea mteremkoni zinatosha.