Je, Kasino Ina Haki ya Kumfukuza Anayeshinda?

Tarehe 30 Januari 1979, Ken Uston alikuwa ameketi kwenye meza ya karata katika kasino ya Resorts International, mjini Atlantic City, jimbo la New Jersey. Kasino hiyo ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu ifunguliwe, nayo ndiyo ya kwanza kupewa leseni katika pwani nzima ya mashariki ya Marekani. Uston hakuwa amehonga mtu. Hakuwa na karata iliyofichwa kwenye mkono wa shati wala kifaa chochote mwilini. Alikuwa akizitazama karata zilizofunuliwa mezani, zile zile walizoziona wenzake wote, na kuzishika kichwani. Kwa sababu hiyo alitolewa nje na kukatazwa kucheza.

Swali lililofuata bado linagawa watu: nyumba iliyopewa leseni na serikali ili ikaribishe umma kwenye mchezo wa kubahatisha, inaweza kumkataza mtu kwa kuwa tu anaucheza vizuri? Mimi nasema haipaswi. Lakini msimamo huo una gharama, na anayeutetea hana budi kuikabili.

Mchezo aliokuwa akiucheza Uston, wa ishirini na moja, ambao Wamarekani huuita Blackjack, unatofautiana na dadu au gurudumu la ruleti kwa jambo moja kubwa: karata iliyokwisha kutoka haitoki tena mpaka zichangwe upya. Kwa hiyo yaliyopita hubadili yajayo. Zikibaki ree, kumi na karata za picha kwa wingi, nafuu iko kwa mchezaji. Uwezekano wa kupata ishirini na moja kwa karata mbili unapanda, na mkono huo kwa kawaida hulipwa dola 3 kwa kila dola 2 za dau. Tena mgawaji, ambaye kwa kanuni analazimika kuvuta karata akiwa na 16, hupitiliza 21, yaani hushindwa, mara nyingi zaidi. Zikibaki ndogo ndogo, nafuu inarudi kwa kasino.

Edward Thorp, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha MIT, ndiye aliyeupigia hesabu mchezo huu kwa kompyuta ya IBM 704 na kuthibitisha kwamba unaweza kushindwa. Kitabu chake, Beat the Dealer, kilitoka mwaka 1962. Njia iliyoenea zaidi baada yake haihitaji kipaji cha ajabu. Karata ya 2 hadi 6 unaongeza moja. Ya kumi, ya picha na ree unatoa moja. 7, 8 na 9 unaziacha. Jumla unaigawa kwa idadi ya jozi zilizobaki kwenye sanduku. Hesabu ikipanda unaongeza dau, ikishuka unalipunguza. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa. Ugumu ni kuifanya kwa saa nyingi katikati ya kelele, huku unaongea na kucheka kana kwamba hufikirii chochote.

Faida yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mtu anayecheza mkono wake kwa usahihi kamili bila kuhesabu yuko nyuma ya kasino kwa takriban nusu asilimia. Anayehesabu vizuri huweza kuwa mbele kwa asilimia 1 hivi. Tuseme ana hiyo asilimia 1 na anaweka dau lile lile kila mara: hata baada ya mikono 10,000, uwezekano wa kujikuta bado amepoteza ni takriban mmoja kati ya watano. Mikono hiyo ni zaidi ya saa mia moja mezani. Mwenye mtaji mdogo hufilisika hesabu zake zikiwa sahihi.

Hapo ndipo timu zilipozaliwa. Mapema katika miaka ya 1970, Al Francesco wa California alibuni mpango wa kugawana kazi. Wahesabuji kadhaa wanakaa kwenye meza tofauti, kila mmoja akiweka dau la chini lisilobadilika, hivyo hakuna anayewashuku. Meza ikiwa na hesabu nzuri, mhesabuji anatoa ishara ndogo, labda kukunja mikono kifuani, na mwenzake anayejifanya tajiri asiye na haraka anafika na kuweka madau makubwa. Kasino inamwona mtu aliyeingia tu na kubahatika. Uston, aliyekuwa makamu wa rais wa soko la hisa la Pacific mjini San Francisco, alijifunza kazi hiyo katika timu ya Francesco.

Wanafunzi na wahitimu wa MIT waliigeuza kuwa biashara. Mwaka 1980, chini ya Bill Kaplan, walianza na mfuko wa dola 89,000. Mchezaji alifanyiwa mtihani kabla ya kukabidhiwa fedha, kila kikao kikaandikwa, na wawekezaji wakalipwa kwa hesabu. Mwaka 1992 ikaundwa kampuni kamili, Strategic Investments, iliyochangisha takriban dola milioni moja. Nalitaja hili kwa makusudi, maana filamu ya 21 ya mwaka 2008 imetuachia picha ya vijana maskini wakipambana na jitu. Waliokuwa wakigombana ni watu wenye mitaji pande zote mbili. Huruma haiwezi kuwa msingi wa kuamua nani ana haki.

Kasino nazo zilijipanga. Kampuni ya upelelezi ya Las Vegas, Griffin Investigations, iliuza kwa kasino kitabu cha picha na majina ya watu wasiotakiwa, na humo wahesabuji waliwekwa pamoja na wezi halisi. Kuchanganya hivyo hakukuwa jambo dogo. Mwaka 2000 James Grosjean na mwenzake Michael Russo walikamatwa Caesars Palace na kuwekwa mahabusu siku kadhaa kwa tuhuma za udanganyifu ambazo hazikusimama. Wakashtaki, wakashinda, na mwaka 2005 Griffin ikaomba kinga ya ufilisi. Mtu aliyekuwa akitumia akili yake alilala korokoroni kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wahalifu.

Nevada yenyewe, jimbo lenye Las Vegas, haisemi kuhesabu karata kichwani ni kosa. Kilichoharamishwa, kwa sheria ya mwaka 1985, ni kutumia kifaa, baada ya mhandisi Keith Taft kutengeneza kompyuta iliyofichwa kwenye viatu na kuendeshwa kwa vidole vya miguu. Hata hivyo kasino za huko zinaweza kukutoa kwa hoja ya mali binafsi, na ukirudi unashtakiwa kwa kuingia bila idhini. Uston alizishtaki kasino za Nevada pia, akashindwa.

New Jersey ndiko alikoshinda. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Morris Pashman, iliamua kwamba Resorts haikuwa na mamlaka ya kumfukuza. Hoja ya kwanza ilikuwa ya kisheria tu: bunge la jimbo liliipa tume ya kasino peke yake kazi ya kuweka kanuni za mchezo, na tume haikuwa imekataza kuhesabu. Ya pili ndiyo inayonigusa. Pashman alisema kadiri mwenye mali anavyoifungua kwa umma, ndivyo haki yake ya kuchagua nani aingie inavyopungua. Anaweza kumtoa mvurugaji, lakini hawezi kumtoa mtu bila sababu ya maana. Kisha katika tanbihi akaeleza kwamba haki hiyo pana ya mwenye ukumbi kumkataa amtakaye, inayochukuliwa Marekani kama desturi ya kale, huenda ilianzia pasipo na heshima: iliibuka katika baadhi ya majimbo pale sheria za ubaguzi wa rangi zilipobatilishwa. Mlango uliofungwa kwa sheria ukafungwa upya kwa jina la mali binafsi. Sisemi kwamba mhesabuji karata ni sawa na Mmarekani Mweusi aliyezuiwa kuingia ukumbini. Ninachosema ni kwamba mamlaka ya kumtoa mtu bila kueleza sababu yanapaswa kuulizwa yametoka wapi kabla ya kukubaliwa.

Upande wa kasino una hoja, na tatu kati yake ni nzito. Ya kwanza, hakuna biashara inayolazimishwa kuuza kwa hasara. Ya pili, timu hudanganya: hubadili majina, huigiza ulevi, hujifanya hazijuani. Ya tatu, ukiruhusu hili utaweka wapi mpaka?

Nianze na mpaka, kwa sababu upo. Mwaka 2012 Phil Ivey alishinda pauni milioni 7.7 katika kasino ya Crockfords, London, kwenye mchezo wa Punto Banco. Mwenzake alimwomba mgawaji azigeuze karata fulani, akisingizia imani za bahati. Kumbe mgongo wa karata ulikuwa na tofauti ndogo pembeni, na kwa kuzigeuza walizitambua zenye thamani kabla hazijafunuliwa. Kasino ikakataa kulipa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema huo ni udanganyifu, ingawa Ivey mwenyewe aliamini kwa dhati kwamba sivyo. Nakubaliana na mahakama. Ivey alimtumia mtumishi wa kasino kuipanga jozi. Mhesabuji hagusi kitu, hapangi kitu, hajui kilichofunikwa. Anafanya anachofanya mchezaji wa bao anayezihesabu kete mashimo kadhaa mbele, na hatujapata kusikia barazani kwamba fundi wa bao kafukuzwa kwa kuona mbali.

Uongo wa majina ni jambo jingine. Anayetumia hati bandia anavunja sheria na ashtakiwe kwa hilo. Lakini maigizo mengi ya timu yapo kwa sababu ya kufukuzwa. Kukiwa hakuna kufukuzwa, hakuna haja ya kujifanya mlevi.

Imebaki hasara. Hapa historia inafundisha. Mwezi Aprili 1964 kasino za Las Vegas zilibadili kanuni za mchezo ili kuwabana wasomaji wa Thorp, na baada ya wiki chache zikazirudisha zile za zamani kwa kuwa wateja walizikimbia meza. Kitabu kilichotishia kuwafilisi kilikuwa kimewaletea maelfu ya watu walioamini wanaweza kushinda na ambao hawakuwa na subira wala mtaji. Kasino huishi kwa imani hiyo. Inataka mchezo uonekane unashindika, na inataka kumwondoa anayeushinda. Mimi naona huko ni kuuza ahadi ambayo muuzaji ameazimia kutoitimiza.

Gharama niliyoitaja ni hii. Baada ya hukumu ya Uston, kasino za Atlantic City zilijilinda kwa njia zilizobaki: jozi 8 kwenye sanduku, kuchanga mapema, kubana kiwango cha dau. Miaka ya karibuni meza nyingi Marekani hulipa dola 6 kwa kila 5 badala ya 3 kwa 2, na hilo pekee humwongezea mchezaji hasara ya takriban asilimia 1.4. Anayeumia ni mcheza kamari wa kawaida ambaye hakuwahi kuhesabu chochote. Pamoja na hayo nachagua njia hii. Kanuni mbaya iliyobandikwa mezani inasomwa na wote, na asiyeitaka anaondoka. Kufukuzwa kunampata mmoja faraghani, huku wengine wakibaki wakidhani mlango uko wazi.

Msomaji anayeamini kamari ni haramu atasema hakuna wa kutetewa hapa. Namwelewa. Lakini leseni inatolewa kwa jina letu sote, na kuna jambo ambalo yeye ndiye atakayelijali zaidi. Kasino hukokotoa, kwa kila mteja mwenye kadi ya uanachama, kiasi anachotarajiwa kupoteza, na kwa hesabu hiyo humpa chumba na chakula cha bure. Inaweza kumtambua mtu mwenye nafuu ya asilimia 1 kwa kumtazama tu anavyobadili dau. Basi haiwezi kudai haimwoni anayepoteza mshahara wake usiku baada ya usiku. Macho ni yale yale, kamera ni zile zile. Kinachotofautiana ni nani anafukuzwa na nani anaongezewa kinywaji.

Nasi tunaoishi Dar es Salaam au Nairobi tusidhani habari hii ni ya ng'ambo. Kijana anayeweka mkeka kwenye simu amekubali masharti marefu ambayo mara nyingi yanairuhusu kampuni kukataa dau au kufunga akaunti kwa hiari yake. Uingereza, wateja wanaoshinda mara kwa mara wamezoea kupunguziwa madau hadi peni.

Wenye kasino hutabiri maangamizi kila wanapozuiwa kumfukuza mhesabuji. Atlantic City imeishi na zuio hilo tangu 1982. Kasino nne zilifungwa huko mwaka 2014, na kilichozimaliza ni wateja kuhamia kasino mpya za Pennsylvania na majimbo mengine jirani. Mdhibiti anayetoa leseni anaweza kuandika sharti la sentensi moja, kwamba hakuna mchezaji atakayeondolewa au kupunguziwa dau kwa sababu ya ustadi wake, na kulifanya sharti hilo liwabane wenye meza za karata na wenye mikeka vilevile.