Injini Mpya, Giaboksi Kongwe: Tupime Kwanza

Ndugu zangu, kila anayetoka Pemba kuja Deira huja na karatasi ya maagizo, na mara nyingi imo injini ya lori. "Leteni injini tu," jamaa husema, "giaboksi tunayo." Kauli hiyo inatugharimu, nami ni mmoja wa waliogharimika.

Mwaka 2019 ukoo wetu ulichanga, kuanzia Muscat mpaka Mombasa, tukanunua hapa Deira injini ya dizeli yenye tabo kwa ajili ya Bedford ya Wete, gari ya karafuu iliyokuwa ikilisha nyumba tatu. Ni Bedford za aina ya J, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Nilipouliza habari ya giaboksi, ami yangu alinijibu kwenye simu: "Mwanangu, kile ni chuma cha Mwingereza." Nikaona haya kubishana na mkubwa. Hilo ndilo kosa langu.

Fundi alichonga bamba la chuma, akaunganisha injini na giaboksi kwa kukisia kwa jicho. Haikutimia miezi miwili, gari ikiteremka mlima na magunia, meno ya shafti yakakatika. Injini ikanguruma peke yake, haivuti wala haizuii. Dereva, kijana wetu wenyewe, akabakiwa na breki tu. Alhamdulillahi alisalimika, lakini gari iliishia mtaroni na mchango wetu ukaenda nayo.

Ami hakusema uongo. Giaboksi zile ni imara, na mafundi wa kwetu wanazijua ndani na nje. Hiyo si faida ndogo. Lakini uimara wake ulikadiriwa kwa injini yake. Injini yenye tabo huzungusha shafti kwa nguvu kubwa zaidi, tena ingali inazunguka polepole. Pili, ncha ya shafti ya giaboksi hukaa ndani ya beringi katikati ya flaiwili, na viwili hivyo lazima viwe mstari mmoja. Kupotoka hata robo ya milimita kunatosha kula beringi na meno. Tatu, pleti ya klachi hutumikia mabwana wawili: upana wake hufuata flaiwili ya injini, meno yake ya katikati hufuata shafti ya giaboksi. Tena injini za kompyuta huweza kutaka ishara ambazo giaboksi kongwe haina. Kwa kazi hii, afadhali injini yenye pampu ya kawaida.

Maoni yangu ni haya. Penye uwezo, tununue injini, klachi na giaboksi vilivyotoka gari moja. Hata hivyo tupime urefu wa propela shafti na mahali pa mkono wa gia. Pasipo uwezo, anayesafiri aje na pleti kuukuu ya klachi katika sanduku lake, na kadibodi iliyochorwa uso wa giaboksi, matundu yake yote na tundu la katikati. Bamba lichongwe kwa mashine, si kwa kukisia.

Pesa tunazochanga ni jasho la wengi, na anayeshika usukani ni mtoto wetu. Mkubwa akisema giaboksi ni chuma, tumwitikie kwa adabu, kisha tumwombe vipimo.