Goti Lililochakaa Kazini Lilipiwe na Kazi



Siku hizi twaambiwa kwamba goti lililosagika laweza kuponywa kwa sindano ya seli shina. Ziko kliniki za watu binafsi, katika nchi nyingi, ziuzazo sindano hizo kwa bei ambayo mchuma chai au mpakiaji wa kiwandani hawezi kuilipa ila kwa kukopa au kuuza shamba. Twaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi.

Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, nayo ndiyo izuiayo mifupa isisagane. Gegedu haina mishipa ya damu, hivyo ikilika hairudi kwa urahisi. Seli shina zaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Hutolewa katika uboho, mafuta ya mwili au kitovu cha mtoto mchanga, na wauzaji husema zikitiwa gotini zitaotesha gegedu upya.

Hayo hayajathibitishwa. Mwaka 2023 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 470. Aina tatu za sindano za seli zililinganishwa na sindano ya kotizoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Baada ya mwaka mmoja, hakuna hata moja iliyoishinda kotizoni kwa kupunguza maumivu.

Sisi hatupingi sayansi. Utafiti na uendelee. Tunachopinga ni mfanyakazi kuchakazwa na kazi, kisha aambiwe akajinunulie goti jipya kwa akiba yake.

Wenzetu wamefika mbali. Ujerumani, mwaka 2009, iliutia ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, kwa mtu aliyefanya kazi ya kupiga magoti au kuchuchumaa kwa jumla ya saa 13,000. Mwaka huohuo Uingereza iliwatambua wachimbaji wa makaa ya mawe, na mwaka 2012 watandika mazulia na sakafu. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika orodha yake ya mwaka 2010, limetaja madhara ya goti yatokanayo na kupiga magoti na kuchuchumaa kwa muda mrefu.

Basi, ndugu, tuanze na kumbukumbu. Goti likiuma, nenda zahanati, uandikiwe. Kisha mwarifu katibu wa tawi kazi uifanyayo, saa zake na miaka yake. Bila maandishi hakuna fidia. Katika mazungumzo ya mkataba tudai zamu za kubadilishana kazi, mizigo iliyopunguzwa, pedi za magoti, na matibabu yanayojulikana: mazoezi ya kuimarisha mapaja, dawa za maumivu, na upasuaji kwa aliyezidiwa.

Goti limechakaa katika kazi ya mwajiri. Gharama yake isiachwe mlangoni kwa mfanyakazi.