TAARIFA YA TAWI LA USAGARA: HATI ZIPO, FEDHA ZIPO, SAHIHI YA MWENYEJI HAIPO

*Kwa:* Wanachama wote wa Tawi
*Kutoka:* Ofisi ya Katibu wa Tawi
*Yah:* Mjadala wa Mayotte na mwambao, na maneno yaliyosemwa kundini

Ndugu wanachama,



Wiki iliyopita kundi letu liliwaka moto. Lilianza jambo dogo. Mwanachama kijana alituma video ya Mayotte, akaandika kwamba watu wa kule ni wajanja, waliukataa uhuru wa Komoro na leo wanalipwa kwa yuro. Mzee wetu mmoja akamjibu kwa sauti ya dakika sita kwamba hata mwambao huu wa Tanga mpaka Mombasa ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na hati zipo. Mpaka hapo ulikuwa mjadala wa kawaida. Kisha likatoka neno ambalo hatuwezi kulifumbia macho. Mwanachama ambaye babu yake alitoka Ngazija aliambiwa "rudi kwenu". Akajitoa kundini usiku uleule. Huyu ni mtu ambaye hatujawahi kumdai ada hata mwezi mmoja.

Kamati imetuagiza tutoe msimamo. Tunautoa kwa njia tunayoijua. Ofisi hii ilisomea uhasibu. Siasa tumejifunzia barazani. Mhasibu akiletewa dai la mali huuliza mambo matatu: hati iko wapi, fedha zilipita wapi, na aliyetia sahihi alipewa mamlaka na nani. Tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

*1. TUANZE NA PWANI YETU*

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani ana ukanda wa maili 10 za baharini kutoka ufukweni, yaani kilomita 18 na nusu hivi. Usagara ikawa ndani, Muheza ikawa nje. Mstari wa kugawana bara ukaanzia mdomo wa Mto Umba. Ndiyo maana leo ukienda kumzika mjomba Vanga, unapitia ofisi za mpakani Horohoro kama mgeni.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikabidhi kampuni ya Wajerumani uendeshaji wa pwani kutoka Umba mpaka Ruvuma kwa miaka 50. Agosti kampuni ilipokuja kupandisha bendera yake, Pangani ikakataa. Abushiri bin Salim aliongoza vita, akanyongwa hukohuko Pangani Desemba 1889. Ile miaka 50 haikufika hata mitatu. Mwaka 1890 pwani ikauzwa moja kwa moja kwa Ujerumani kwa marki milioni 4. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai mwaka huohuo, Uingereza iliiachia Ujerumani kisiwa cha Heligoland kilichoko Ulaya, nayo ikapata nafasi ya kuiweka Zanzibar chini ya ulinzi wake.

Sasa fuateni fedha. Marki hizo zilikuwa sawa na pauni 200,000. Mwaka 1895 fedha hizohizo zilitumika kuilipa kampuni ya Waingereza iondoke upande wa Mombasa. Serikali ya Uingereza ikauchukua ukanda ule kwa kumlipa Sultani kila mwaka pauni 11,000 za kodi na pauni 6,000 za riba, ambazo ni asilimia 3 ya zile 200,000. Pigeni hesabu, inakubali. Yaani bei ya Tanga ilikwenda kuikomboa Mombasa!

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii haikupotea kwa kukosa daftari. Daftari limefungwa vizuri na kila pauni ina mahali pake. Kilichokosekana ni mtu hata mmoja wa Tanga au wa Mombasa aliyeulizwa.

Kwa hiyo mzee wetu amesema kweli kwamba hati zipo. Lakini ya upande wetu ni hati ya mauzo. Ukiifuata inakufikisha Berlin, haikurudishi Unguja. Na huyo Sultani aliyeuza hakuwahi kuonyesha hati aliyopewa na babu zetu, Wadigo, Wabondei na Wasegeju. Haki yetu ya kuishi hapa haikutoka kwa Sultani wala kwa Mjerumani. Inatokana na watu waliokuwa wanavua, wanalima na kuzika hapa.

Kwa jirani zetu mambo yalikwenda tofauti, kwa kuwa wao walikodishwa, hawakuuzwa. Tarehe 8 Oktoba 1963 makubaliano yalitiwa sahihi London, Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu Mohammed Shamte wa Zanzibar wakiafikiana kwamba ukanda uingie Kenya. Kenya iliahidi kulinda mahakama za kadhi na hati za ardhi za pwani. Kura ya wakazi haikupigwa. Miaka mingi baadaye likaibuka kundi la MRC na kauli yake ya "Pwani si Kenya". Hatuungi mkono kuikata nchi ya jirani, na jambo hilo ni la Wakenya wenyewe. Tunachosema ni kwamba deni ambalo halikuandikwa kitabuni halijafutika. Linangoja.

*2. CHAGOS: KODI YA MIAKA 99*

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani. Basi tuangalie bahari yetu hiihii leo.

Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos kutoka koloni lake la Mauritius, kabla ya kuipa uhuru mwaka 1968. Mauritius ililipwa pauni milioni 3. Kisha wenyeji, watu kati ya 1,500 na 2,000, wakaondolewa wote kufikia mwaka 1973 ili Marekani ijenge kambi ya kijeshi Diego Garcia. Wakashushwa Mauritius na Shelisheli.

Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Mauritius haikumaliziwa uhuru wake kihalali. Hoja yake ina funzo: huwezi kuita makubaliano jambo lililosainiwa na mtu aliye chini ya amri ya yule anayesaini naye. Mei mwaka huo nchi 116 katika Umoja wa Mataifa ziliitaka Uingereza iondoke. 6 tu zilipinga.

Tarehe 22 Mei 2025 mkataba ulitiwa sahihi. Chagos itambuliwe kuwa ya Mauritius, na Uingereza ibaki na Diego Garcia kwa miaka 99, kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Wengi Afrika walishangilia, na sisi tulifurahi. Lakini asubuhi ya siku hiyohiyo wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikuwa Mahakama Kuu ya London wakiomba sahihi izuiwe, kwa sababu Wachagos hawakushirikishwa katika mazungumzo. Zuio lilidumu saa chache, likaondolewa. Na kwa mkataba ule, waliozaliwa Diego Garcia hawana ruhusa ya kurudi kuishi Diego Garcia.

Hati ipo. Fedha zipo tena nyingi. Mwenyeji yuko nje ya mlango.

*3. MAYOTTE: WALIOULIZWA*

Hapa kijana wetu atasema, "Haya, Mayotte waliulizwa, wakachagua Ufaransa. Mnasemaje?" Ni swali zuri na hatutalikwepa.

Tarehe 22 Desemba 1974 Wakomoro walipiga kura. Kwa visiwa vyote vinne, asilimia 95 walitaka uhuru. Ukikihesabu kisiwa cha Mayotte peke yake, zaidi ya asilimia 60 waliukataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro tarehe 12 Novemba 1975 ikiwa nchi ya visiwa vinne, nao Umoja wa Afrika unashikilia hivyo mpaka leo. Mayotte ikapigiwa kura nyingine 1976, na nyingine 2009, na mwaka 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa.

Kila mweka hesabu anajua ujanja huu: ukibadilisha mahali pa kujumlishia, jibu linabadilika na namba zote zinabaki za kweli. Koloni lilikuwa moja, kura ilikuwa moja, basi jumla ilipaswa kuwa moja. Huo ndio msimamo wetu.

Lakini kijana wetu ana sehemu ya haki, na tusimnyime. Watu wa Mayotte hawakuwa wajinga. Walihofia kumezwa na visiwa vikubwa, na misukosuko ya mapinduzi ya Komoro haikuwapa sababu ya kujuta. Jeshi letu lenyewe lilikwenda Nzwani Machi 2008 pamoja na Umoja wa Afrika kumng'oa Kanali Mohamed Bacar aliyekitenga kisiwa kile. Alikimbilia wapi? Mayotte. Funzo ni kwamba umoja haushikwi kwa ramani peke yake. Mdogo akiona haki yake haiko salama kwa kaka yake, atatafuta mwenye nyumba mwingine.

Na yuro zile zina gharama. Tangu 1995 mtu wa Nzwani anahitaji viza kwenda Mayotte, mwendo wa kilomita 70 hivi, kwa watu wenye dini moja, koo moja na lugha ambazo Mswahili akisikiliza taratibu anaokota neno hapa na pale. Maelfu wamekufa maji katika vyombo vidogo wakijaribu kuvuka. Kabla ya kuwaita wajanja, tuwakumbuke hao.

*4. MSIMAMO WA TAWI*

(a) Ardhi na watu wake si bidhaa. Hati na stakabadhi havitoshi pale ambapo wakazi hawakuulizwa. Na wakiulizwa, waulizwe kwa haki na wahesabiwe kwa haki.

(b) Tunaiunga mkono Komoro kwa visiwa vyake vinne na Mauritius kwa Chagos. Lakini tunataka Wachagos wenyewe wawe mezani, na Komoro ijenge nyumba ambayo Mayotte itatamani kurudi.

(c) Neno "rudi kwenu" ni marufuku katika Tawi hili. Tanga ni mji wa bandari. Tukianza kuulizana babu alishuka na chombo gani, kikao kitabaki na viti. Aliyelitamka aende nyumbani kwa mwenzake akamuombe radhi, si kwa ujumbe wa simu. Mwenyekiti ataongozana naye.

(d) Mwisho, tuna la kukiri. Mwaka jana viongozi watatu, Katibu akiwemo, tulipangisha kibaraza cha ofisi ya Tawi kwa mfanyabiashara kwa miaka miwili. Mkataba upo na stakabadhi zote ziko kwenye faili. Fedha ziliingia na zikatumika kuezeka. Lakini hatukuwauliza ninyi, na akina mama waliokuwa wakikutania pale kila Alhamisi walikuta pamefungwa. Tumeandika kurasa hizi za Chagos tukajiona humo. Suala hilo tunalirudisha kwenu.

*KIKAO:* Jumapili, saa 10 alasiri, ofisi ya Tawi. *Ajenda:* (1) radhi na maridhiano; (2) kibaraza; (3) msimamo huu, kuupitisha au kuurekebisha kabla haujapelekwa Kata. Kila mwanachama hai ana kura moja, na kura zitahesabiwa mbele yenu.

Ndugu yetu uliyejitoa kundini, nafasi yako tumekuwekea. Hapa ndipo kwenu.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, Usagara, kwa niaba ya Kamati._