Maziwa ya mtoto na namba 16,777,216

Mwishoni mwa wiki nililala kwa dada yangu, Msasani, Tukuyu. Ilipofika saa 4 usiku alimimina maziwa ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, kwa ajili ya mwanawe wa mwaka na nusu akiamka. Kwa baridi ya Rungwe, nani atoke kuwasha mkaa usiku wa manane? Yanayobaki mtoto humalizia asubuhi. Mwezi huo alikuwa ameharisha mara mbili.

Sikumhubiria. Nilimwomba binti yake wa darasa la sita alete daftari.

Bakteria aina ya E. coli akipata chakula na joto kama la mwili, nyuzi 37, hujigawa na kuwa wawili kwa dakika 20 hivi. Tukaanza na mmoja, saa 4 usiku. Saa 5 wamekuwa 8. Saa 6 ni 64. Saa 8 usiku, 4,096. Binti akazidisha kwa mbili hadi saa 12 asubuhi: 16,777,216.

Namba hiyo ina tabia yake. Ukiigawa kwa 3, 5 au 7 inaacha baki, lakini kwa 2 inagawanyika mara 24 hadi unabaki na 1. Kipeuo chake cha pili ni 4,096, cha tatu ni 256. Hapo dada akaacha kuchambua mchele. Maana baridi ikichelewesha kujigawa hadi dakika 40, asubuhi hupati nusu ya ile namba. Unapata kipeuo chake cha pili, 4,096. Ikichelewesha hadi saa nzima, wanakuwa 256 tu. Chupa ya chai yenye maziwa vuguvugu inafanya kinyume: inawatunzia joto wanalolipenda.

Kweli, hesabu ya daftarini ni ya mazingira bora kabisa kwao. Ila kijiko kisichooshwa vizuri nacho hakiingizi bakteria mmoja. Na kuchemsha tena asubuhi si dawa ya kila kitu, kwani sumu zinazoachwa na baadhi ya bakteria hazivunjwi na moto wa jikoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 nje ya friji. Kiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60. Huna friji? Osha chupa kwa maji ya moto, mimina maziwa yakiwa yanachemka, funga. Mtoto akiamka, poza kwenye kikombe kiasi atakachomaliza. Ya asubuhi chemsha mapya. Akiharisha, mpe maji ya ORS na umpeleke kituo cha afya, ambako atapewa pia zinki.

“Mama mdogo, na akichelewa kuamka hadi saa 1?” binti akauliza, kisha akajijibu kwa kalamu: 134,217,728.

Dada alikuwa ameshayarudisha maziwa kwenye sufuria.